Tukuza za Elfu Mbili

Mwaka ule hoteli zilipofungwa, toka Paje mpaka Nungwi,
nilirudi Michenzani na begi moja, sare mbili za upishi,
na barua inayosema tutakuita.
Ghorofa ya tano. Maji hayapandi.
Mama alilipokea begi kama vile nimetoka Hija.

Umeme tukinunua kwa vijisenti,
tukuza za elfu moja, ikizidi sana elfu mbili,
naye akizigawa kama anavyogawa nazi:
tui la kwanza kwa taa ya jikoni,
tui la pili kwa simu yangu isiyolia,
"na chicha," akasema, "chicha langu":
saa moja na nusu baada ya Isha,
picha ya zamani, ya Kihindi.

Televisheni yenyewe mgonjwa.
Kipande cha chini kimekufa, cheusi kama kaniki.
Waigizaji wote hawana miguu,
wanacheza, hatuoni wanakanyaga wapi,
na yale maandishi ya kufasiri yamezama humo humo.

"Nitakufasiria mimi."
Alijifunza, anasema, Jumapili za zanana,
wanawake watupu, ukumbi mzima mabuibui na asumini,
yeye na shoga yake Kazija viti vya mbele
kwa pesa za vibagia vya wiki nzima,
Kazija akilia kabla picha haijaanza
ili asije akapitwa.

Basi kijana mmoja, mweusi na mweupe kama picha yenyewe,
amesimama kituoni, mvua inamnyea. Akanena.
"Anasemaje?"
Mama hakugeuka. "Anasema, mlango ukifungwa
usiupige kichwa. Kichwa utakihitaji."
Mzee wa mkongojo akafoka.
"Anasemaje?"
"Anasema mwanamume haoni haya kula kwa mama yake."
"Na bibi huyu?"
"Huyu anasema kaoge, mwanangu. Leo siku ya tatu."

Nilicheka. Nikashtuka kuisikia sauti,
nikadhani ni ya jirani.

Kisha siku moja, nikitafuta kibarua Darajani,
kwa fundi Mcha wa redio, kwenye kioo kizima,
naiona picha ile ile, kituo kile, mvua ile.
Kijana ana miguu! Viatu vimetoboka.
Na chini yake, kwa Kiingereza nilichookota kwa wageni:
Treni imechelewa.
Basi. Hilo tu.
Na mzee wa mkongojo: Nani kachukua mwavuli wangu?

Nilisimama pale mpaka fundi akaniuliza kama nanunua.

Nikarudi. Ngazi nilizihesabu siku hiyo,
tisini na mbili,
ambazo mama huzipanda na ndoo kichwani
alfajiri, mimi nimelala,
na mimi nikiamka hukuta pipa limejaa
na hunawa uso, kama vile maji huota humo ndani.

Sikumwambia kitu.
Usiku ule mita ikalia mara tatu, ikakata
kijana yuko mlangoni kwao, mkono juu, hajabisha.
Giza.
"Elfu mbili imekwisha," mama akasema.
"Alhamdulillahi, leo tumefika mbali."

Nani aliupa umeme huu jina lile, sijui.
Miaka nimelitamka dukani, nipe tukuza, nipe risiti.
Mle gizani ndipo nilipolisikia kama amri.

Tulikaa. Kioo kilikuwa bado kina joto,
kinanuka vumbi.
"Haya," akasema, "sasa kijana anasemaje?"

Sijui kama alijua kuwa najua.

"Anasema kesho maji atapandisha yeye.
Ndoo nne."

Mama akanyamaza kidogo. Nikasikia anajifunga kanga.
"Muongo huyo. Picha hii naijua.
Ndoo sita."